Nani asome mchoro wa macho yanayochezacheza: kizingiti cha kasi, umbo la wimbi au akili mnemba?

Mgonjwa wa kizunguzungu akishavishwa miwani yenye kamera na kurekodiwa kwa dakika chache, kinachobaki kwenye skrini ni mistari. Mmoja unaonyesha jicho lilivyokwenda kulia na kushoto, mwingine juu na chini, na kifaa kikiwa kizuri unakuwepo wa tatu wa jicho lilivyojizungusha. Humo ndani ndimo ilimo nistagmasi, ule mwendo wa macho kuchezacheza bila mwenyewe kutaka. Zamani mtaalamu aliuchapisha mchoro kwenye karatasi ndefu, akashika rula na penseli, akapima mteremko wa kila pigo. Siku hizi programu inamaliza kazi hiyo kabla mgonjwa hajashuka kitandani.

Programu hizo ziko za namna tatu. Ya kwanza hutumia kizingiti cha kasi: mwendo ukivuka kasi fulani unahesabiwa kuwa wa haraka, usipovuka ni wa polepole. Ya pili huangalia umbo la wimbi na muda ambao jicho linatulia. Ya tatu imefundishwa kwa mifano mingi, na ndiyo wauzaji wanayoiita akili mnemba. Ulinganisho huu ni kwa anayetaka kuchagua: daktari wa masikio, pua na koo anayefungua chumba cha vipimo, mtaalamu wa macho anayehudumia watoto, au mwanafunzi wa uhandisi tiba anayetafuta mada ya utafiti.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa kliniki ya kizunguzungu, kizingiti kinachojirekebisha chenyewe, kikisimamiwa na mtu anayeweza kufuta mapigo ya uongo, bado ndicho chaguo bora. Kwa nistagmasi ya utotoni, ikiwemo ya watu wenye ualbino, kizingiti peke yake kinapotosha. Hapo chukua umbo la wimbi. Akili mnemba niipe kazi ya kuitafuta mboni kwenye picha na kupekua rekodi ndefu, lakini nisiiachie kutamka ugonjwa.

Kinachopimwa hasa

Nistagmasi ya kizunguzungu ina awamu mbili. Jicho linateleza polepole kwenda upande mmoja, kisha linaruka kurudi, na mchoro wake unatoka kama meno ya msumeno. Kuteleza ndiko kunakobeba ugonjwa: sikio la ndani la upande mmoja likidhoofika, ubongo unapokea habari kana kwamba kichwa kinageuka, na macho yanasukumwa. Kuruka ni ubongo kujirekebisha. Hata hivyo mwelekeo hutajwa kwa awamu ya haraka, kwa sababu ndiyo inayomvutia mtazamaji. Nistagmasi inayopiga kushoto ni ile ambayo jicho linateleza kwenda kulia.

Kwa hiyo kipimo kikuu ni kasi ya awamu ya polepole, kwa nyuzi kwa sekunde, na kazi ya programu ni kuitenganisha na awamu ya haraka. Tabu ni tatu. Kupepesa kunafanana na pigo. Rekodi yoyote ina kelele zake. Na kuna nistagmasi isiyo na awamu ya haraka kabisa, jicho linabembea tu huku na huku.

Kamera inakuja kabla ya programu

Watu wengi huanza kulinganisha programu huku hawajauliza rekodi inatoka wapi. Huko ni kuanzia mwisho, kwa sababu namna ya kurekodi ndiyo inayoamua programu gani itafanya kazi.

Elektrodi ndiyo njia ya zamani iliyodumu. Konea, kioo cha mbele ya jicho, ina chaji chanya ukilinganisha na retina, utando wa nyuma unaopokea picha, tofauti ya takriban milivolti 1, hivyo elektrodi zikibandikwa kando ya macho huhisi jicho linapogeuka. Njia hii hufanya kazi hata macho yakiwa yamefumbwa, haimfuniki mgonjwa uso, na inaweza kuvaliwa nyumbani kwa siku nyingi. Upungufu wake ni mzito: volteji hubadilika mwanga unapobadilika, kwa hiyo kifaa husawazishwa tena na tena, mstari wa juu na chini huchafuliwa na kope na misuli ya uso, na mwendo wa jicho kujizungusha hausomeki kabisa. Upungufu huo wa mwisho ndio unaoumiza kliniki ya kizunguzungu. Chembe za chokaa zikihamia kwenye mfereji wa nyuma wa sikio la ndani, kipimo walichokieleza Dix na Hallpike mwaka 1952 huamsha nistagmasi ya kupiga juu huku jicho likijizungusha. Kifaa kisichoona kujizungusha kinaona nusu ya habari.

Miwani yenye kamera za infraredi, mwanga ambao jicho halioni, ndiyo kawaida ya leo. Kamera hufuata mboni kwa fremu 60, 100 au 250 kwa sekunde, na zile zinazosoma michirizi ya irisi, duara la rangi linalozunguka mboni, hupima pia kujizungusha. Faida yake kubwa zaidi ni giza. Nistagmasi inayotoka sikioni huzimwa mtu anapokazia macho kitu, na ile itokayo kwenye ubongo kwa kawaida haizimiki hivyo. Miwani ikifunikwa, mgonjwa haoni chochote cha kukazia, ila kamera inamwona yeye. Ukirekodi kwenye mwanga wa kawaida, mgonjwa atakazia macho taa au uso wako, na nistagmasi dhaifu ya sikio itajificha. Programu itaandika sifuri, na itakuwa imesema kweli kuhusu rekodi iliyopewa.

Hapo ndipo simu inapokwama, ingawa naipenda kwa kuwa kila mtu anayo. Simu nyingi hurekodi fremu 30 au 60 kwa sekunde. Kwa fremu 30, kila picha iko milisekunde 33 mbali na nyingine, wakati awamu ya haraka huweza kuisha ndani ya milisekunde 30 hadi 50. Kinachobaki ni mruko mmoja kati ya picha mbili, na kasi yake ya juu haipimiki. Awamu ya polepole, inayochukua milisekunde mia mbili na zaidi, bado unaweza kuichorea mstari. Kwa hiyo ukiwa na video ya simu, usichague programu inayotegemea kasi ya awamu ya haraka.

Kuna jambo la rangi ya macho ambalo wauzaji hawalitaji. Wengi wetu tuna irisi ya kahawia nzito. Kwenye mwanga wa kawaida irisi hiyo inakaribiana na weusi wa mboni, na programu inayotafuta mpaka kati yake hutangatanga. Kwenye infraredi, melanini, rangi ya asili ya mwili, hainyonyi mwanga mwingi, irisi inatoka kijivu cheupe, mboni inabaki nyeusi, mpaka unaonekana vizuri. Kwetu sisi infraredi ni hitaji la msingi. Kwa mtu mwenye ualbino mambo hugeuka: rangi kwenye irisi ni kidogo, mwanga unapenya irisi yenyewe, na ukingo wa mboni unafifia. Programu iliyozoea kusaka duara jeusi kuliko yote hupotea. Bado infraredi inamfaa kwa sababu nyingine, kwamba haimuumizi macho, naye mwanga mkali humfanya akunje kope na kuifunika mboni.

Kitu kidogo ambacho watu wa pwani watakielewa: mwambie mgonjwa aoshe wanja na maskara kabla ya kipimo. Kwa kamera, ukingo mweusi wa kope ni mboni nyingine, na kila akipepesa mstari unaruka juu. Ni sabuni na maji tu, na inaokoa rekodi nzima.

Kuna pia pete ya waya inayokaa juu ya jicho lililotiwa ganzi, mgonjwa akiwa ndani ya uga wa sumaku, njia aliyoieleza Robinson mwaka 1963. Usahihi wake ni mkubwa mno na haivaliwi zaidi ya nusu saa hivi. Hiyo ni ya maabara za utafiti, kliniki haihitaji.

Kizingiti cha kasi

Njia hii ndiyo iliyomo ndani ya mashine nyingi za hospitali. Programu inachukua mahali jicho lilipo kwa kila sampuli, inakokotoa kasi, inaweka mpaka. Vipande vilivyo chini ya mpaka huchorewa mstari mnyoofu, na mteremko wa mstari huo ndio jibu. Uzuri wake ni kwamba kila hatua inaonekana. Ukiuliza kwa nini imehesabu pigo hapa na si pale, jibu lipo.

Mpaka usiobadilika, tuseme nyuzi 30 kwa sekunde, una shida ya pande mbili. Rekodi ikiwa chafu, kelele zinavuka mpaka na programu inahesabu mapigo ambayo hayakuwepo. Nistagmasi ikiwa kali, awamu ya polepole yenyewe inaweza kwenda nyuzi 40 au 50 kwa sekunde, nayo inatupwa kwa kudhaniwa kuwa ya haraka. Kwa hiyo mashine inakosea zaidi kwa wagonjwa wawili: asiyetulia na aliyezidiwa. Hao ndio wanaohitaji kipimo kuliko wengine.

Kizingiti kinachojirekebisha kinapunguza tatizo hili. Mwaka 2003 Ralf Engbert na Reinhold Kliegl, wakichunguza miruko midogo sana ya jicho linalokazia kitu, walipendekeza kelele za kila rekodi zipimwe kwanza kwa namba ya kati, ile inayokaa katikati ukizipanga kasi zote, kisha mpaka uwekwe mara 6 ya kipimo hicho. Ukiihamishia njia hii kwenye nistagmasi, toa kwanza kasi ya kuteleza, maana hapa jicho halina sifuri ya kutulia. Ukisahau hatua hiyo, mapigo ya upande mmoja yatahesabiwa mengi na ya upande wa pili machache.

Ipo njia fupi ya kukagua ambayo naiona haitumiki vya kutosha. Katika kila sekunde ya nistagmasi ya meno ya msumeno, muda mwingi jicho linateleza na muda mchache linaruka. Basi chukua dirisha la sekunde kadhaa, panga kasi zote, tazama ya katikati. Itaangukia karibu na kasi ya awamu ya polepole bila kutafuta pigo hata moja. Ikitofautiana sana na jibu la mashine, rudi kwenye mchoro.

Umuhimu wa kurudi kwenye mchoro unaonekana vizuri kwenye kipimo cha maji. Fitzgerald na Hallpike walikieleza mwaka 1942: kila sikio hutiwa maji ya nyuzi 30 za Selsiasi na ya nyuzi 44, yaani 7 chini na 7 juu ya joto la mwili, na nistagmasi inayoamka inalinganishwa kulia na kushoto. Kanuni ya Jongkees na wenzake, ya mwaka 1962, inachukua tofauti ya masikio mawili na kuigawa kwa jumla ya vipimo vyote vinne. Tuseme sikio la kulia limetoa nyuzi 22 kwa sekunde kwa maji ya moto na 18 kwa ya baridi, la kushoto 10 na 10. Kulia ni 40, kushoto 20, tofauti 20, jumla 60. Udhaifu wa kushoto ni asilimia 33. Maabara nyingi huweka mpaka kati ya asilimia 20 na 25, kwa hiyo jibu liko wazi.

Sasa programu ikosee mara moja. Mgonjwa amepepesa katikati ya kipimo cha kushoto cha moto, mashine imelichukua hilo kuwa pigo kali kuliko yote, na 10 imegeuka 18. Hesabu inakuwa 40 kwa 28, takriban asilimia 18. Mtu mwenye sikio bovu anaambiwa yuko sawa, kwa kupepesa mara moja. Kwa hiyo unapolinganisha mashine mbili, usisome kijitabu cha matangazo. Uliza kama inaonyesha kila pigo ililolihesabu, na kama mtaalamu anaweza kuligusa na kulifuta. Isiyoruhusu hilo nisingeinunua hata kama kamera yake ina fremu nyingi.

Umbo la wimbi

Nistagmasi ya utotoni huanza kwa kawaida miezi ya mwanzo ya maisha, nayo ni kitu kingine. Awamu yake ya polepole haiendi kwa mwendo sawa. Inaongeza kasi kadiri inavyokwenda, mpaka inakutana na awamu ya haraka bila mpaka ulio wazi. Louis Dell'Osso na Robert Daroff walipanga mawimbi yake mwaka 1975 wakapata maumbo 12, mengine ya msumeno, mengine ya kubembea, mengine mchanganyiko. Ukiipeleka rekodi kama hii kwenye programu ya kizingiti, itakata mwisho wa awamu ya polepole, itahesabu mapigo nusu, na itatoa wastani wa kasi usiomsaidia mtu kuamua lolote.

Na umbo lenyewe ni habari. Awamu ya polepole iliyonyooka inaelekeza kwenye sikio la ndani. Inayoongeza kasi inaelekeza kwenye nistagmasi ya utotoni. Inayopunguza kasi huonekana pale ubongo unaposhindwa kuyashikilia macho pembeni, au kwenye ile inayoamka jicho moja likifunikwa. Programu inayonyoosha kila kitu kuwa mstari mmoja inaifuta habari hii kabla daktari hajaiona.

Kwa mtoto huyu swali la kasi halina uzito. La maana ni kwamba katika kila mzunguko wa wimbi, picha inakaa kwenye fovea, kile kishimo kidogo cha retina kinachoona kwa ukali, kwa muda gani, na ikiwa imetulia kiasi gani. Kipimo kiitwacho NAFX, walichokieleza Dell'Osso na Jacobs mwaka 2002, kinahesabu hilo. Kinatafuta vipindi ambavyo jicho liko ndani ya nusu nyuzi ya shabaha na kasi haizidi nyuzi 4 kwa sekunde, kinapanua dirisha hilo kwa wanaoshindwa kulifikia, kisha kinakadiria ukali wa kuona ambao wimbi lile linaruhusu. Watoto wawili wenye kasi ileile wanaweza kutofautiana sana kwenye kipimo hiki, kwa sababu mmoja anapata utulivu mrefu kila mzunguko na mwingine hapati.

Hili linatugusa moja kwa moja. Nchini Tanzania makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni mtu 1 mwenye ualbino kati ya watu 1,400, na wengi wao wana nistagmasi. Watoto hawa mara nyingi wana pembe moja ya kutazama ambayo macho hutulia zaidi, hivyo hugeuza kichwa ili waitumie. Darasani wanaambiwa "kaa sawa, tazama mbele", na kwa kutii wanapoteza uwezo mdogo wa kuona waliokuwa nao. Rekodi iliyochambuliwa kwa umbo la wimbi, pembe baada ya pembe, inaonyesha utulivu ulipo kwa namba ambazo mzazi anaweza kumpelekea mwalimu ili mtoto akalishwe upande unaomfaa. Kwa wachache, daktari bingwa hufikiria upasuaji wa kuhamisha misuli ya macho ili pembe hiyo ije mbele, wazo lililochapishwa na Kestenbaum na Anderson kila mmoja kwa njia yake mwaka 1953, na hapo vipimo vya kabla na baada ni vya lazima. Nikiulizwa programu ipi kati ya hizi tatu ingebadilisha maisha ya watu wengi zaidi hapa kwetu, nataja hii bila kusita, ingawa ndiyo inayouzwa kidogo kuliko zote.

Ugumu wake ni kusawazisha kifaa. Mashine za kawaida humwambia mtu atazame nukta, kisha husubiri jicho litulie. Jicho hili halitulii, na mashine inaandika kwamba usawazishaji umeshindikana, kana kwamba kosa ni la mtoto. Dawa ni kusawazisha jicho moja moja, lingine likiwa limefunikwa, na kutumia nyakati za utulivu pekee kutoka kwenye kila nukta, zikichaguliwa na mtu anayeujua mchoro. Programu isiyokubali usawazishaji wa mkono haifai kwa kazi hii, hata kama inasifiwa namna gani. Jua pia kwamba zana nyingi za njia hii zinaendeshwa ndani ya MATLAB, programu ya hesabu za kihandisi ambayo ni ya kulipia, na zinahitaji mtu aliyefunzwa. Kliniki ndogo ingefanya vizuri kurekodi yenyewe na kuwapelekea wataalamu wa chuo kikuu wachambue.

Kwa nistagmasi ya kubembea wanayoipata watu wazima, kwa mfano wenye ugonjwa wa neva wa multiple sclerosis, uchambuzi wa Fourier, hesabu inayovunja wimbi kuwa mizunguko yake, unatosha. Unatoa idadi ya mizunguko kwa sekunde na ukubwa wake, na ni rahisi kuulinganisha kabla na baada ya dawa.

Akili mnemba

Neno hili linafunika kazi tatu zisizofanana, na ni vizuri kuzitenganisha kabla ya kulipa.

Ya kwanza ni kuitafuta mboni kwenye picha. Hapa mitandao ya neva bandia imeshinda njia za zamani kwa haki. DeepVOG, programu huria iliyotoka Munich mwaka 2019, hupaka rangi eneo la mboni kwenye kila fremu na huvumilia kope zilizoshuka na mng'ao wa taa kuliko njia za kusaka duara jeusi. Kosa lake nalo linaonekana: unaicheza video, unaona duara limekaa kwenye mboni au limehamia kwenye nyusi.

Ya pili ni kuweka alama kwenye mchoro: hapa awamu ya haraka, hapa kupepesa, hapa kuteleza. U'n'Eye ya mwaka 2019 ni mfano mzuri, inajifunza kutoka kwa alama za binadamu na haihitaji mifano mingi kupindukia. Lakini ilifunzwa kwa miruko ya macho ya kawaida, na jicho la nistagmasi ya utotoni halifanani na hayo. Lazima uifunze upya kwa rekodi zako, nazo ziwe zimewekwa alama na mtu anayejua.

Humo pia mna rekodi ndefu, na kwa hizo sioni mbadala. Mgonjwa wa Ménière, ugonjwa wa sikio la ndani unaokuja kwa mashambulio, hushikwa na kizunguzungu nyumbani usiku, akifika kliniki macho yametulia. Watafiti wa University of East Anglia na hospitali ya Norwich nchini Uingereza walitengeneza kifaa cha elektrodi kiitwacho CAVA, kinachovaliwa hadi saa 23 kwa siku kwa siku 30. Hakuna binadamu wa kusoma mchoro huo wote. Ila fanya hesabu kabla ya kufurahi: saa 690 ni dakika 41,400. Programu ikikosea dakika 1 tu katika kila 100, inatoa dakika 414 za uongo, wakati shambulio halisi la saa mbili lina dakika 120. Kwa hiyo asilimia 99 kwenye tangazo haitoshi. Uliza tahadhari ngapi za uongo kwa siku, na kama mgonjwa anaweza kubonyeza kitufe akiona kizunguzungu ili muda alioubonyeza ulinganishwe na ule ulioonyeshwa na programu.

Ya tatu ni kutamka ugonjwa. Hapa nasimama. Mwaka 2009 Kattah na wenzake walionyesha kwamba kwa mtu mwenye kizunguzungu kikali kisichokatika, vipimo vitatu kitandani, yaani kugeuza kichwa ghafla, kutazama nistagmasi na kuangalia kama jicho moja limepanda juu ya jingine, vinaweza kugundua kiharusi vizuri hata kuliko picha ya MRI ya mapema. Nistagmasi ni moja kati ya hivyo vitatu. Programu iliyopewa video ya macho peke yake haijaona viwili vilivyobaki, haijui mgonjwa anatembeaje wala anazungumzaje. Ikiandika "sikio" kwa mtu mwenye kiharusi cha serebela, ubongo mdogo wa nyuma, anarudishwa nyumbani na vidonge vya kizunguzungu. Kuna pia suala la ilijifunzia kwa nani. Programu iliyojifunza kwa macho ya bluu na kijivu ya Ulaya huenda ikayumba mbele ya macho yetu, na njia pekee ya kujua ni kuipima hapa.

Kabla ya kulipa

Jaribio lenyewe halina gharama kubwa. Chukua rekodi za wagonjwa wako wa aina zote, wakiwemo wenye rekodi chafu. Wape watu wawili wenye ujuzi waweke alama kila mmoja peke yake, kisha ipe programu. Watu wawili nao watatofautiana, na hiyo ndiyo rula yako: programu ikitofautiana nao si zaidi ya wao wanavyotofautiana, inafaa. Waangalie kando wenye ualbino na wazee wenye kope zilizolegea, kwa sababu wastani wa jumla huwaficha.

Kliniki inayoanza, yenye bajeti ya kifaa kimoja, ichukue miwani ya infraredi yenye fremu 100 kwa sekunde au zaidi, inayofunikwa gizani, inayosoma kujizungusha, na yenye kizingiti kinachoharirika. Kitengo cha macho cha watoto kinaweza kutumia miwani hiyohiyo kwa sharti kwamba inatoa data ghafi kwenye faili la kawaida, sampuli kwa sampuli, ili uchambuzi wa wimbi ufanyike kwingine. Baadhi ya mashine hutoa ripoti ya PDF pekee. Hizo zinakufunga kwa programu ya mwenye kiwanda milele. Mwanafunzi asiye na fedha aanze na kamera ndogo ya infraredi na programu huria ya kutafuta mboni, kizingiti akiandike mwenyewe.

Video ya macho ni taarifa ya afya ya mtu, na mara nyingi inamtambulisha. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Muulize muuzaji video inahifadhiwa wapi na nani anaifungua. Programu inayolazimisha kupeleka uso mzima wa mgonjwa kwenye seva ya nje ya nchi ili ipime mboni ningeiweka kando, kwa kuwa kazi hiyo inafanyika vizuri kwenye kompyuta ya kawaida iliyopo palepale kwenye chumba cha vipimo.